Mkate wa wishwa: mwongozo kamili wa uhalisia katika michezo ya fantasia ya mezani

Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za pwani yetu, hauawi kwa mshale wala kwa mkuki. Ni shaba tu, ichomwe kitovuni, ndiyo inayommaliza. Sijawahi kumwona msikilizaji akiinua mkono kuuliza hiyo ni ngozi ya namna gani. Tunapokea, tunaendelea. Lakini alipotiwa gerezani hakutoka kwa miujiza. Mama yake alioka mikate mizuri, akaongeza mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa akaficha tupa. Kijakazi Saada akaipeleka. Walinzi wakafanya ambacho walinzi wenye uchu wangefanya popote: mizuri wakaila wao, ule wa wishwa wakamwachia mfungwa. Likachezwa gungu nje, ngoma zikameza mkwaruzo wa tupa, minyororo ikakatika.

Michezo ya fantasia ya mezani ni hii: kila mchezaji anakuwa mhusika mmoja, mwendeshaji anasimulia ulimwengu, na madadu yanaamua yenye mashaka. Kwa anayeiendesha, kisa hicho ni darasa zima. Jambo lisilowezekana ni moja, na limetangazwa mapema. Mengine yote, kuanzia uchu wa walinzi hadi sauti ya chuma kukwaruza chuma, yanakwenda kama tunavyoyajua. Ndiyo maana mama aliweza kupanga njama. Wachezaji wako nao wanataka kupanga njama, na hawawezi kuipanga katika ulimwengu ambao hawajui ukisukuma hapa kitaanguka nini kule.

Kwa hiyo kipimo ninachotumia ni kimoja, na hatua zote hapa chini zinatokana nacho. Kabla ya kuingiza jambo lolote la kweli mchezoni, najiuliza: mchezaji akilijua hili, atafanya kitu tofauti? Kama atafanya, linaingia. Kama hatafanya, nalitupa, hata kama nimelisoma kwa wiki mbili na linaniuma kulitupa.

Mifano mingi nitaitoa katika Dungeons & Dragons, toleo la tano kama lilivyochapishwa 2014, kwa kuwa ndilo ninaloendesha kila Jumamosi usiku. Anayecheza mchezo mwingine atabadilisha namba tu.

Hatua ya 1: Kubalianeni kifo kinafananaje

Hili lifanyike kabla ya mtu yeyote kuunda mhusika. Mimi sikulifanya, na nililipia.

Tulikuwa kikao cha kumi na kitu. Kundi limekwama juu ya jabali la futi 200, chini kuna lango la ngome, na nilikuwa nimeandaa saa nzima ya kutafuta njia ya kushuka. Jamaa anayecheza mpiganaji akachukua penseli. Kuanguka, kwa mujibu wa sheria, ni dadu moja la pande sita kwa kila futi 10, mwisho madadu 20. Wastani wake 70. Yeye alikuwa na pointi za uhai 94, yaani madhara anayoweza kuyabeba kabla ya kuanguka. Akaweka penseli chini, akachukua kashata, akasema, "Naruka." Tukacheka sana. Madadu yakatupwa, yakatoka 66, mpiganaji akasimama chini akajipangusa vumbi. Ni urefu wa ghorofa kama 20 hivi. Kisha dada mmoja aliyekuwa kimya tangu jioni akauliza, "Sasa kaka, kama tunaweza hivi, hao askari wa langoni tunawaogopa nini?"

Sikuwa na jibu. Sheria haikuvunjwa, na mpiganaji hakukosea hesabu. Tatizo ni kwamba nusu ya meza ilikuwa inacheza hadithi ya Liyongo, na nusu nyingine ilikuwa inacheza hadithi ya watu wanaovunjika miguu.

Mkanganyiko huo una umri sawa na michezo yenyewe. Dungeons & Dragons ilitoka 1974, mikononi mwa Gary Gygax na Dave Arneson, ikizaliwa kutokana na michezo ya vita vya vinyago. Arneson aliona wachezaji wake hawapendi mhusika kufa kwa pigo moja, akaazima pointi za uhai kutoka mchezo wa meli za kivita, ambako meli hupigwa mara nyingi kabla ya kuzama. Mwaka 1979 Gygax aliandika kwamba pointi hizo si nyama na damu pekee. Ndani yake mna bahati, ustadi, na jicho la kuona pigo likija. Wengine hawakuridhika. Mchezo wa RuneQuest wa 1978 uliundwa na watu kama Steve Perrin, waliokuwa wakipigana kwa fimbo za henzerani na ngao wikendi kwa kujifurahisha, na wakajua pigo la mguu ni jambo gani. Kwao kila kiungo kina pointi zake, na shujaa anaweza kupoteza mguu kwenye mapigano ya kwanza. Si kwamba mmoja ana haki na mwingine amekosea. Ila huwezi kuicheza yote miwili kwenye meza moja bila kuambiana.

Basi keti na wachezaji uwaulize maswali yenye nyama. Mtu akianguka kutoka juu ya mnara, anakufa? Mpiganaji wa pointi 94 akichomwa kisu cha koo usingizini, anakufa? (Kwa sheria ya 2014 hafi: kisu ni dadu la pande nne, aliyelala dadu linarudufiwa, na hata ukijumlisha nguvu zote za mchomaji humkwangui zaidi ya pointi 13 au 14.) Akijeruhiwa leo, anapona lini? Kwa sheria ya kawaida analala saa 8 anaamka mzima. Kitabu cha mwendeshaji kina chaguo jingine ambalo pumziko fupi ni saa 8 na pumziko refu ni siku 7. Badiliko hilo moja tu hugeuza kampeni nzima, yaani mfululizo wote wa vikao vya hadithi moja: mapigano mawili kwa wiki yanakuwa mengi, na watu wanaanza kuzungumza na maadui badala ya kuwarukia.

Sisi tulikubaliana hivi: madadu yanaendelea kutawala vitani, lakini nje ya vita, kisu cha koo ni kisu cha koo, na kuanguka kunakozidi futi 100 kunaua isipokuwa una sababu ya kunieleza. Kuanzia siku hiyo walianza kupanga zamu za ulinzi usiku bila mimi kuwakumbusha.

Hatua ya 2: Chagua vitu viwili au vitatu vya kuhesabu

Ukihesabu kila kitu utageuka karani wa stoo. Michezo imejaribu. Chivalry & Sorcery ya 1977 ilitaka zama za kati za Ulaya kwa ukamilifu wake, na hadi leo watu huitaja kwa heshima na uchovu kwa pamoja. Wewe chagua vichache, uvihesabu kwelikweli.

Anza kwa kusoma uchawi ambao wachezaji wako tayari wanao. Wengi hurukia kuhesabu chakula, wakati kundi lina mtu mwenye uchawi wa Goodberry, ambao kwa ngazi ya kwanza tu unatoa matunda 10, kila moja likimshibisha mtu siku nzima. Hapo umeshapoteza karatasi yako. Vivyo hivyo mienge: mwenge huwaka saa moja na mwanga wake mkali unafika futi 20, jambo zuri sana la kutia hofu, mpaka mchawi aguse jiwe na kuliwasha bure kila saa. Ama uzungumze na wachezaji mapema waache uchawi huo, ama uhesabu kitu kingine. Ukitaka giza liwe adui hasa, tazama mchezo wa Shadowdark wa 2023: mwenge unawaka saa moja ya saa ya ukutani, ya kweli, na watu mezani huanza kuongea haraka.

Mimi nahesabu uzito wa mali, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko nilikopata faida kubwa kuliko kwingine kote.

Kwa sheria ya 2014, sarafu 50 zina ratili moja. (Katika toleo la miaka ya mwisho ya 1970 sarafu 10 tu zilitosha ratili, yaani kila sarafu gramu 45. Sijui mifuko ya watu ilishonwa kwa nini.) Tuseme joka limekufa na pangoni mna sarafu za dhahabu 20,000. Meza nyingi huandika "20,000" kwenye karatasi na kwenda kulala. Mezani kwetu hizo ni ratili 400, kilo 180 na ushei. Mtu mwenye nguvu 10, kiwango cha mtu wa kawaida mchezoni, anabeba ratili 150 jumla, na tayari ana deraya, kamba, maji na silaha.

Sasa nani atabeba? Hapa historia ya kwetu inasaidia kuliko vitabu vya mchezo. Wapagazi wa misafara iliyokuwa ikitoka bara kuja Bagamoyo walibeba mzigo wa karibu frasila mbili, kilo 30 na kidogo, siku baada ya siku. Kilo 180 ni wapagazi sita. Wapagazi sita wanakula, kwa hiyo unahitaji mtu wa saba wa kubeba posho. Wanataka ujira, na wanaujua ujira wa haki. Wana kiongozi anayesema kwa niaba yao. Wakiona njia ina hatari hawajaelezwa, wanatua mizigo chini na kukaa. Na wana midomo: wakifika kijiji cha kwanza, habari ya dhahabu imeshafika sokoni kabla yenu.

Kikao chetu cha joka kilichukua muda mfupi kuliko kikao cha kuitoa dhahabu. Waliamua kuchukua nusu na kuifukia nusu. Nusu ya kufukia walitaka waifanye wenyewe usiku, lakini shimo la kina cha mtu kwenye ardhi ya mawe halichimbwi na watu watano waliotoka kupigana, kwa hiyo walimchukua mpagazi mmoja wa kusaidia. Mmoja tu. Wakamwapisha.

Hatua ya 3: Ipe safari tarehe

Umbali hauna uzito mchezoni mpaka kuna kitu kinachooza au kinachofungwa. Mwendo wa kawaida kwa miguu ni maili 24 kwa siku. Namba hiyo peke yake ni kavu. Iweke karibu na nyingine: uchawi wa Raise Dead unamrudisha aliyekufa si zaidi ya siku 10 zilizopita. Basi mwenzenu akifa maili 260 kutoka kwa kasisi, mna safari ya siku 11 na siku 10 za kuitembea. Mtatembea usiku? Mtaiba farasi? Mtakata kupitia msitu mlioambiwa msiukanyage? Sijawahi kuona watu wakisoma ramani kwa makini kama usiku hayo yalipotupata.

Kama ulimwengu wako una bahari, mpe baharia wako misimu. Kampeni yangu ina mji wa pwani, na upepo wake nimeuchukua ulivyo: kaskazi kuanzia Desemba hivi hadi Machi, vyombo vinakuja kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikishika, vinarudi. Hakuna sheria wala jedwali. Kuna nahodha tu anayesema, "Mkichelewa wiki mbili, tutaonana mwakani." Wachezaji wakajikuta wanamwacha adui akiwa hai ili wawahi jahazi. Adui huyo akapata miezi ya kujijenga upya. Mimi sikuandika njama yoyote hapo. Upepo ndio ulioandika.

Hatua ya 4: Ufuate uchawi mpaka sokoni

Watu hudhani uhalisia unakaa upande mmoja na uchawi upande mwingine. Uchawi ukishakuwepo, ni kitu cha kawaida cha nchi ile kama samaki na chumvi, kwa hiyo una bei, foleni, wezi na kodi.

Chukua mfano mmoja mdogo. Uchawi wa Continual Flame unatumia vumbi la yakuti la sarafu 50 za dhahabu, na moto wake hauzimiki kamwe wala hauchomi. Sarafu 50 ni nyingi kwa mvuvi, lakini kwa mji ni bei ya kicheko kwa taa ya milele. Kwa hiyo mji tajiri una taa za barabarani. Kwa hiyo wauza mafuta ya taa wa mji huo wanawachukia makasisi. Kwa hiyo kuna kijana anayeiba mawe yenye moto na kuyauza mtaa wa nyuma, akiyabeba ndani ya chungu chenye kifuniko. Umepata kisa cha jioni nzima kutoka mstari mmoja wa kitabu.

Mfano mkubwa zaidi ni ugonjwa. Kasisi wa ngazi ya 3 anaweza kuponya wagonjwa wawili kwa siku kwa uchawi wa Lesser Restoration. Mji una makasisi kumi wa aina hiyo: wagonjwa 20 kwa siku. Tauni ikiingia na kuambukiza 200 kwa siku, nani yuko mbele ya foleni? Binti wa liwali, au mwokaji anayelisha mtaa? Wachezaji wengi watauliza, "Kwani hekalu haliwezi kuponya wote?" Waonyeshe hesabu. Wakishaiona, hawatauliza tena. Wataanza kugombana wao kwa wao kuhusu nani aponywe, nawe utaketi unakunywa kahawa.

Usijaribu kufuata kila uchawi hivi. Mmoja kwa mji mmoja unatosha.

Hatua ya 5: Walinzi wale mkate

Nikiambiwa nichague hatua moja na kuacha nyingine zote, nachagua hii. Wachezaji husamehe upanga wenye uzito usio sawa. Hawasamehi askari arobaini wanaosubiri vyumbani mwao kama sanamu huku wenzao wanauawa chumba cha pili.

Kwa kila mtu atakayesimama njiani mwa wachezaji naandika mistari mitatu: anataka nini usiku huu, anaogopa nini, na anajua nini. Usiku huu, si maishani. Mlinzi wa langoni hataki "haki" wala "mamlaka"; anataka zamu iishe, mvua imemlowesha. Anaogopa mkaguzi. Anajua kwamba mwenzake wa mlango wa nyuma husinzia. Hapo mchezaji akileta kanzu kavu na chai ya moto, huhitaji kutafuta sheria ya kumhonga mlinzi. Ameleta mkate wake, na unajua nani atakula upi.

Viumbe nao ni hivyo hivyo. Mbwa mwitu aliyejeruhiwa hukimbia. Orki (viumbe wapiganaji wa fantasia) wanane waliomwona kiongozi wao akianguka hawapigani hadi wa mwisho, kwa sababu hakuna aliyewalipa kwa hilo. Na joka lenye akili, lililoishi karne kadhaa, halitui chini kupigana na watu watano wenye panga wakati lina mabawa na moto.

Hatua ya 6: Mzozo wa "haiwezekani"

Utatokea, hata meza ikiwa na watu wapole. Kuna namna tatu, na kila moja ina dawa yake.

Namna ya kwanza ni mchezaji anayejua kuliko wewe. Kwetu kuna nesi, na mara ya kwanza nilipoelezea mtu kuchomwa tumbo na kuendelea kuhutubia, alinitazama tu. Dawa ni kumuuliza: "Wewe unaonaje?" Mpe dakika moja, amua, andika uamuzi kwenye daftari ili wiki ijayo usiamue kinyume. Lakini angalia ujuzi umetoka wapi. Anayesisitiza kwamba panga za zama za kati zilikuwa nzito mno kuinuliwa amefundishwa na sinema. Upanga mrefu wa kweli ulikuwa kilo moja na kitu, na ule wa kitabuni ni ratili 3. Hapo mchezo uko karibu na ukweli kuliko mlalamikaji.

Namna ya pili inaniudhi kidogo. Ni uhalisia unaotozwa upande mmoja. Mchawi akisema anaruka angani kwa dakika 10, tunasema sawa, ni uchawi. Mpiganaji akisema anaruka bonde la futi 28, mwendeshaji anakunja uso: "Kuwa mkweli basi." Tazama sheria: mpiganaji mwenye nguvu 20, kilele cha binadamu mchezoni, akikimbia anaruka futi 20 bila kutupa dadu, mita 6 tu. Mike Powell aliruka mita 8.95 Tokyo mwaka 1991, bila joka wala radhi za miungu. Shujaa wa ngazi ya 15 aliyeua majitu anashindwa na mwanariadha. Kwa hiyo kabla ya kumkatalia mpiganaji, jiulize kama binadamu yeyote amewahi kukifanya hicho. Kama amewahi, mruhusu bila maneno. Kama hajawahi, mpe dadu na gharama. Liyongo hakuwa mchawi.

Namna ya tatu ikatae mlangoni. Ni yule aliyekubali majoka, mapepo na miji inayoelea, lakini mwanamke mwenye mkuki ndiyo anaona "si uhalisia." Huyo halindi ukweli wowote, na sijawahi kupata faida ya kujadiliana naye.

Hatua ya 7: Uache ulimwengu utembee mkiwa hampo

Kati ya kikao na kikao, chukua dakika kumi. Soma daftari. Chagua watu wawili au watatu walioguswa na wachezaji, rudi kwenye mistari yao mitatu, uamue wamefanya nini wiki hii. Usitupe dadu kama jibu liko wazi.

Ndivyo nilivyofanya baada ya kikao cha dhahabu. Niliufungua ukurasa wa yule mpagazi mmoja aliyeapishwa. Nilikuwa nimeandika: anataka kulipa deni la mahari ya mdogo wake, anaogopa kiongozi wa msafara, anajua shimo liko wapi. Nikahesabu. Frasila mbili kwa safari moja, shimo lina kilo 90: yeye na binamu zake wawili, usiku mmoja. Wachezaji waliporudi na punda baada ya mwezi walikuta shimo limefukiwa vizuri kuliko walivyoliacha, na juu yake mtu amepanda mche wa mwembe. Mpiganaji alichimba hadi mwisho hata hivyo. Chini kabisa palikuwa na sarafu tano, moja kwa kila mmoja wao, na mpaka Jumamosi iliyopita walikuwa bado hawajakubaliana kama hayo ni matusi au ni nauli.